Kilo Kumi na Tatu Zilizomuondoa Jacob kwenye Mizani

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kabla kakao yoyote haijaingia depo, wa kwanza kupanda mizani ni mpimaji mwenyewe. Kasonia Jacob anavua viatu. Anatoa funguo, simu na kofia, anamkabidhi mkulima aliye karibu. Anapanda polepole, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja bovu.

Wakulima kumi na wawili wamesimama na magunia yao, macho yote yako chini. Mzee Maliro, mwenye shamba upande wa Mavivi, anainama kusoma namba.

"Mia moja na kumi na ine."

"Na juma yenye ilipita?" anauliza mtu wa nyuma.

"Mia moja na kumi na tano."

"Basi. Tupime."

Depo hii iko commune (tarafa) ya Beu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Jacob ana miaka arobaini na saba, baba wa Ariel na watoto wengine wanne, na amepima kakao hapa kwa miaka kumi na tisa. Zamani alikuwa mbeba magunia, na alikula kama mbeba magunia: mlima wa bugali, sombe ya majani ya muhogo inayoogelea ndani ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, na maandazi ya beignets ya kusindikiza chai. Walipompandisha cheo wakampa kiti karibu na mizani, mgongo ulipumzika, lakini sahani haikupata hiyo habari.

Mwanzoni mwa mwaka jana alikuwa na kilo mia moja thelathini na tisa. Namba hiyo haikuwa siri. Kila mkulima aliyeuza kakao pale aliijua, tena ilimsaidia.

Maana mkulima wa kakao haamini mizani ya mnunuzi, hata kama mnunuzi ni shemeji yake. Miaka mingi nyuma, mmoja wao alimwambia Jacob apande kwanza mwenyewe. Akapanda. Wiki iliyofuata akapanda tena, namba ikawa ileile. Ikawa desturi: Jacob akipanda na namba isitikisike, mizani iko safi. Watu walikuwa wanapita depo tatu njiani ili wafike kwa yule mnene asiyebadilika.

"Balinifanya jiwe ya balansi," anasema Jacob. "Na mi nilifurahi. Mutu munene mwenye hagombane, bote banamupenda."

Kisha kitu kikachomoza juu ya kitovu, ukubwa wa ndimu. Ilikuwa ngiri, ile watu wa hapa wanaiita hernie. Daktari Ilunga, aliyeletwa Beni kikazi kutoka Lubumbashi miaka sita iliyopita, alimpima sukari na tension, yaani presha ya damu. Vyote vilikuwa juu.

"Papa Jacob, hii tutaipasua, lakini hapana leo," daktari alimwambia. "Nikikulaza hivi, naogopa moyo kuliko hernie. Niletee kilo mia moja na tano."

"Nikuletee ndani ya nini, dokta? Gunia?"

Daktari hakucheka. Alimpa vidonge vya sukari na vya tension, mukaba wa kushika tumbo, na barua ya kwenda kwa Solange, muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake.

Pale kituoni kulikuwa na shida. Mizani yao mwisho ni kilo mia moja na ishirini. Jacob alipopanda, mshale ulikimbia mpaka mwisho ukakaa hukohuko. Solange akamwambia awe anajipima kazini, amletee namba tu. Halafu akamchorea sahani kwenye karatasi: nusu yake mboga ya lenga-lenga, upande mmoja maharagi au samaki, na bugali ukubwa wa ngumi moja.

"Ngumi ya nani?" akauliza Jacob.

Solange akautazama mkono wa Jacob uliokaa juu ya meza.

"Yangu, papa."

Nyumbani, mke wake Kavuo Godelive alishusha mafuta ya ngazi kutoka kikombe mpaka kijiko. Majirani wakaanza kumuuliza bwana amekosa nini hata apewe adhabu ya namna hiyo.

"Nilibajibu, kama munamuonea huruma, mumubebe mumulishe kwenu," anasema Godelive. "Hakuna mwenye alikuya."

Mazoezi ndiyo nusura yalete balaa. Daktari alisema atembee, tena ndani ya mji, kwa sababu njia za kutoka nje, zenye waasi wa bunduki, si za mtu kwenda kutafuta afya. Jacob akaona kukimbia kutamaliza kazi haraka. Asubuhi ya kwanza alikimbia kama mita mia mbili. Wamama waliokuwa wanapanga nyanya wakaacha mabeseni, wakabeba watoto, wakakimbia naye. Mwalimu mmoja akatupa madaftari, akaungana nao. Walimfikia Jacob upesi, maana kumfikia haikuwa kazi.

"Papa, bako wapi?" mama mmoja alimuuliza, pumzi imemkatika.

"Bani?"

"Bale unakimbia."

"Minakimbia hernie, mama."

Siku ile hakuna aliyecheka. Tangu hapo Jacob anatembea tu, saa nzima kila siku, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, ili kila mtu aone kwamba hakuna kinachomfukuza.

Kufika mwezi wa sita alikuwa na kilo mia moja ishirini na sita. Solange alifurahi. Wakulima hapana.

Maliro ndiye aliyepiga hesabu. Kama mizani imemla Jacob kilo kumi na tatu, basi gunia la kilo sitini linapoteza karibu sita. Jacob akamuonyesha suruali yake, jinsi ilivyokunjwa kiunoni kama pazia.

"Kukonda tunaona," Maliro akamjibu. "Lakini umekonda kilo ngapi, njo hatuone. Mwenye anajua ni balansi tu, na balansi ni ya kwenu."

Mwingine alikwenda mbali zaidi. Alisema Jacob amekonda makusudi, afunike wizi wa mizani.

Jacob akapendekeza watumie jiwe la kupimia badala yake. Wakakataa: jiwe nalo ni la depo. Ndani ya wiki tatu, theluthi ya wakulima wakawa wanapeleka kakao kwingine. Mama Katungu, mwenye depo, akamuita.

"Jacob, sikufukuze. Lakini mi ninauzisha kakao, hapana afya. Urudilie kula, ama utoke kwenye balansi."

Alirudilia kula. Leo anasema hivyo bila kujificha. Kwa siku kumi na tano alipiga bugali ya ngumi yake mwenyewe, na kasiksi, pombe ya ndizi, juu yake. Akafika mia moja ishirini na tisa. Baadhi ya wakulima wakarudi, wakasema sasa balansi imepona.

Kisha, adhuhuri moja, akiwa kwenye kiti chake, ile ndimu ikawa ngumu na ikakataa kurudi ndani. Akatapika. Wenzake wakampandisha kwenye pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, mpaka hospitali. Daktari Ilunga alimlaza, akakaa karibu saa nzima akiirudisha kwa mikono.

"Safari nyingine nitakupasua na kilo zozote utakuya nazo," alimwambia. "Na hapo hakuna kintu nitakuahidi."

Jacob alirudi depo na kumwambia Mama Katungu kwamba anatoka kwenye mizani. Akapelekwa uwanjani nyuma, kugeuza kakao iliyoanikwa juu ya shitingi, yaani turubai. Mshahara ukashuka kutoka dola mia moja na hamsini mpaka tisini kwa mwezi. Daktari aliruhusu reki, akakataza gunia. Kwenye mizani akawekwa Manassé, kijana mwembamba aliyesoma vizuri, ambaye wakulima walimtazama kama mtu aliyekuja kuuza dawa ya panya.

Kwa miezi mitano Jacob alisukuma reki juani, akala ngumi ya Solange, akatembea. Siku za kwanza, Godelive anasema, alikuwa analala akiwa amekasirika na kuamka akiwa amekasirika.

"Nilikuwa ninamuambia, Papa Ariel, kasirika, mais usikule."

Mwezi wa kumi na mbili, siku ya kwenda kulipia vidonge vyake, Jacob alipita kwenye mizani ya depo. Mia moja na kumi na nane na nusu. Manassé anakumbuka kwamba alisimama pale juu akihesabu kwa vidole. Mizani ya kituo cha afya mwisho ni mia moja na ishirini. Sasa angeweza kuingia ndani yake, na ile si mizani ya depo.

Jumatatu iliyofuata akamuita Maliro na wakulima wengine sita. Akapanda mbele yao, wakasoma namba ileile. Kisha wakatembea wote hadi kwa Solange, na Maliro alikaa nyuma kabisa, ahakikishe Jacob hanywi maji wala haokoti kitu. Kituoni Jacob alivua viatu na kupanda. Mshale ukasimama kwenye mia moja na kumi na nane.

Ile nusu kilo ilitafutwa hata chini ya mizani.

"Ametoka jasho," Solange akasema. "Mulimutembeza kwa jua."

Maliro akatoa hukumu. "Nusu kilo ya mutu, nasamehe. Ya kakao, hapana."

Kabla hawajaondoka, Maliro akaomba apimwe naye. Wengine wakafuata. Kila mmoja alitoka na namba yake mwenyewe, na sasa akitaka anaweza kuihakikisha kwenye mizani ya depo bila kumtegemea mtu. Solange, kwa kuwa walikuwa wamepanga foleni tayari, akawapima na tension. Maliro alirudi nyumbani na namba mbili. Ile ya pili haikumpendeza, na kwake sasa bugali imepungua.

Wiki hiyohiyo Mama Katungu alimrudisha Jacob kwenye mizani na mshahara wake wa zamani. Manassé alishukuru. Jacob aliomba jambo moja tu: saa ya kwanza ya kila asubuhi aachiwe reki.

Zimebaki kilo tisa. Anapunguza karibu mbili kwa mwezi, na akifika mia moja na tano atapasuliwa Butembo, ambako Daktari Ilunga amemtafutia mpasuaji bingwa. Atapumzika Vulamba, kwa dada yake mkubwa, ambaye ameshaambiwa kwa simu asichinje kitu.

Wakulima bado wanamtaka apande kila Jumatatu, ingawa kila mmoja ana namba yake. Wamezoea. Jacob anapanda, lakini amewaambia kwamba akitoka Butembo, basi.

"Miaka kumi na kenda batu banajua kilo zangu kuliko bibi yangu," anasema. "Nikirudi, zikuwe zangu. Nikinona kidogo siku ya Noeli, ikuwe shida ya mi na dokta, hapana shida ya kakao ya mutu."

Wote wamekubali, isipokuwa Maliro. Yeye ameomba apewe muda, mpaka mavuno yaishe.