Kipepeo Ambaye Bwana Alisema Hayupo Iringa

Jamani, mimi nimezaliwa na bahati. Vipepeo wananifuata wenyewe.

Leo asubuhi, msituni, mzungu ninayembebea wavu wa vipepeo alinikunjia uso.

"Daudi, kipepeo wako wa buluu hayupo Iringa. Kitabu hakimtaji. Tusipomwona leo, kesho unarudi kubeba mahema."

Nikamwambia, "Bwana, kitabu hicho hakijapanda mlima huu. Mimi nimeupanda."

(Niliishia darasa la tatu, lakini mdomo uliendelea na masomo.)

Nikampeleka kwenye mti mmoja. Vipepeo saba wametulia juu ya gome, mabawa wameyafumba, wanafanana kabisa na majani makavu.

Bwana akacheka. "Hayo ni majani, mjinga wewe."

"Yapulize basi."

Akapuliza. Majani yakafunguka, ndani buluu tupu.

Kisha akatoa kalamu, akaniuliza mimi Wahehe wanamwitaje kipepeo huyo.

Semeni wenyewe, msomi hapo nani? Mahema atabeba mwingine.

Ila ile bahati ni uongo. Jana niliupaka mti ule ulanzi uliochacha, ile pombe ya mianzi, kibuyu kizima, nao vipepeo wakaja kunywa.