Siku niliyombeba mama mkwe kwenye mlima wa Mfangano

Wakuu, mulembe kwenu nyote mlio humu.

Nimesoma nyuzi zenu za wakwe mpaka nimecheka peke yangu kama mwendawazimu. Sasa wacha na mimi nitoe yangu. Ni ya miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye ndoa changa, na sijaongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, lakini mgongo uliobeba ni huu ninao hapa.

Kwanza niwaeleze wale wa mbali.

Mimi ni mtu wa Kakamega. Kwetu kijana na mama ya bibi yake hawazoeani. Si kwamba mnachukiana, hapana, ni heshima. Hamshikani mkono. Hamli pamoja. Mkikutana kwa njia nyembamba mmoja anaingia kwa majani, anageuka, mpaka mwenzake apite. Hata kuongea mnapitishianga kwa mtu wa tatu. Inaenda hivyo mpaka siku wazee wakae, zawadi zitoke, ndipo mnafunguliwa kidogo.

Sisi hatukuwa tumefunguliwa. Baba mkwe alikuwa mzee mkali wa Malinya, mfugaji wa madume ya ng'ombe ya kupigana, na mimi alikuwa ananiangalianga vile anaangalia dume lililotoroka uwanjani.

Na kulikuwa na jambo zito kuliko hilo.

Bibi yangu Everlyne alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Watu wa kwao wakaanza kunong'ona ati lazima nilivunja adabu mahali, ati ndiyo maana. Wakuu, mimi sikuwa nimevunja kitu. Lakini ukisemwa hivyo na uchungu bado uko ndani, unaanza kuogopa hata kivuli cha mama mkwe. Hii mimba ya pili niliilinda kwa kukaa mbali naye kabisa. Nikisikia yuko sokoni Malinya, mimi nanunua viazi Sigalagala.

Sasa njooni kwa safari.

Kwaya ya kanisa letu la mjini ilialikwa Mfangano, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Nyinyi vijana mnakijua kwa picha za hoteli. Wakati ule wazungu walikuwa tayari wanashuka na ndege ndogo kuvua mbuta na kukaa kwa vibanda vya makuti pale chini. Sisi tulilala shuleni kwa bara, kwenye madawati, na asubuhi tukaenda kupanda boti. Mpango ulikuwa tushinde siku nzima tukipanda mlima, tuombe kileleni, tushuke, tuimbe, turudi.

Nafika kwa maji na begi langu, naangalia boti ya kwanza.

Mama mkwe huyo hapo, amekaa katikati, leso ya kijani kichwani.

Kumbe kina mama wa kanisa la Malinya walialikwa pia. Hakuna aliyeniambia! Nikamvuta rafiki yangu Ingosi, sauti ya pili kwenye kwaya na mtu wa mdomo sana.

"Ingosi, nimekwisha. Yule ni mathe wa Everlyne."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Buda, kisiwa ni kimoja na njia ya mlima ni moja. Leo utaingia kwa majani mpaka uote mizizi."

Nikapanda boti ya pili. Njia yote nilikaa nimegeukia nyuma, nikiangalia tulikotoka. Watu wakadhani naogopa maji.

Huo mlima, wakuu, si mchezo. Pasta alituambia kisiwa kizima ni volkano iliyozimika zamani sana. Ukianza kupanda unaamini. Mawe meusi, mengine yana matundu kama mkate, jua linayapiga mpaka unaskia joto kupitia soli ya kiatu. Juu ya mawe kuna changarawe inayoteleza. Na njia ni ya mtu mmoja, huku mwamba, huku mteremko.

Mimi sikuona uzuri wowote. Nilikuwa na kazi moja, kuangalia leso ya kijani iko wapi.

Wakipumzika kina mama, na mimi nasimama mbali chini. Wakiondoka, nangoja. Nikisikia wanacheka nadhani wanarudi, naruka pembeni. Mara najifanya nafunga kamba, mara najifanya naenda haja. Ingosi alichoka na mimi akaenda zake na wenzake.

Hata chakula sikula. Walifungua mayai na viazi vitamu mahali pa wazi, kila mtu anaonekana, ningekula vipi? Nilikunywa maji nyuma ya jiwe kama mwizi. Njaa ilinitafuna, jua linanichoma, na akilini mwangu ni Everlyne tu na tumbo lake. Nilikuwa nimekasirika, nisiwafiche. Nilikasirikia pasta, nikakasirikia mlima, nikakasirikia hata ziwa.

Mchana nikaona watu wanaanza kushuka. Kwaya ikapita, Ingosi akapita akinichekelea. Kina mama wakapita kikundi kikundi, lakini leso ya kijani hapana. Nikajiambia basi alishuka mapema na sikumwona, Mungu ni mwema. Nikapanda haraka na mimi nikaguse kilele, ili nisirudi nyumbani bure.

Napiga kona moja ya mwamba, huyu hapa!

Yeye na rafiki yake Mama Rebeka, mama mmoja mwembamba wa umri, walikuwa wamebaki nyuma wakichuma majani fulani ya dawa. Tukawa uso kwa uso, hatua chache tu katikati yetu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mimi kwa heshima nikaruka kutoka kwa njia nimpishe. Yeye kwa heshima akaruka kutoka kwa njia anipishe. Na sisi wote wawili tukaruka upande ule ule, wa mteremko!

Mimi nilishika kichaka. Yeye hakupata cha kushika. Changarawe ikamchukua, nikasikia "Woi! Mayi!" halafu kishindo.

Alikuwa amekaa chini kidogo, anashika mguu. Kifundo kilivimba mbele ya macho yetu kama andazi kwa mafuta. Alijaribu kusimama akaanguka tena. Mama Rebeka akaanza kulia. Nikamwambia, uso wangu nimegeuzia mwamba, "Mama, kimbia chini uite wanaume waje wambebe." Akaenda.

Tukabaki wawili. Mimi nimempa mgongo, yeye amejifunika leso uso mzima.

Halafu ziwa likabadilika. Upepo ukaanza, wingu jeusi likatoka upande wa maji likija kwetu mbio. Radi ya kwanza ikapiga kilele, nikasikia mpaka kwa meno. Sisi watu wa Kakamega radi tunaijua, imetuzikia watu. Na hapo tulikuwa kwenye mawe matupu, hakuna hata mti.

Nilisimama nikakaa. Nikasimama tena. Nikimgusa, mtoto wangu akipatwa na jambo, Everlyne atanisamehe? Wazee watakuja kumchukua siku hiyo hiyo. Nikimwacha, radi ikimpiga, nitamwambia nini Everlyne? Wakuu, nililia. Mwanaume mzima nililia nikiangalia mwamba.

Ndipo nikasikia sauti chini ya leso.

"Wewe jiwe," akasema. "Wewe jiwe uliyeko hapo mbele yangu. Mwambie huyo kijana ateremke, akamlee mtoto wake. Mimi nimeshalea wangu."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaona, hatukuwa na mtu wa tatu. Alikuwa ametafuta wa kutupitishia maneno akapata jiwe.

Nikafuta uso. Nikasema, "Jiwe, mwambie mama kijana haendi popote."

Radi tena, karibu zaidi.

"Jiwe, mwambie kijana mimi ni mzito."

"Jiwe, mwambie mama kijana alikuwa anabeba miwa kabla hajabeba begi la kwaya."

Nikasikia kitu kama kicheko. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwake, nikapiga magoti. Yeye akajifunika vizuri, akatupa leso nyingine kwa mabega yangu ili ngozi isiguse ngozi, akashika. Nikainuka.

Mungu wangu, alikuwa mzito! Tumbo lilikuwa tupu tangu asubuhi, mvua ikafika, changarawe ikawa kama mahindi yaliyomwagwa kwa sakafu. Nilishuka kwa kisigino, pole pole. Kila hatua anasema, "Jiwe, mwambie aangalie kushoto." "Jiwe, mwambie apumzike." Na mimi, "Jiwe, mwambie mama bado."

Mahali fulani aliuliza kwa sauti ndogo, "Jiwe, muulize, mtoto anacheza tumboni?"

Nikasema, "Jiwe, mwambie anacheza sana. Usiku hamwachi mama yake alale."

Nilisikia tu anapumua kwa shida, na haikuwa mguu.

Wanaume waliokuwa wanapanda tulikutana nao karibu na chini kabisa, na watu wote walikuwa wamesimama chini ya paa la kanisa la kisiwani wakituangalia. Mama mmoja akaziba mdomo. Niliona kwa macho yao habari inavyokimbia Malinya kabla yetu.

Mama mkwe akatoa leso usoni. Alikuwa mwimbishaji wa kina mama, sauti yake haikuhitaji spika.

"Mnaangalia nini? Mkwe wangu hajanigusa. Mimi nimebebwa na jiwe. Kuna mtu ana swali?"

Pasta akamletea kiti.

Nasikia mzee mwenyewe alimuuliza nyumbani, akajibiwa vile vile. Mzee akakohoa, akatoka nje kuangalia madume yake. Miezi michache baadaye Everlyne alijifungua msichana, mzima, wa kelele. Mzee alileta kuku yeye mwenyewe, na huo mwaka wazee wakakaa tukafunguliwa rasmi. Lakini mama hakuacha. Hata tukiruhusiwa kusalimiana, mbele za watu alinipita kwa heshima ile ile, na mimi naingia kwa majani. Tulizoea hivyo.

Mwaka jana alilazwa. Nilisimama nje ya wodi kama kawaida yangu, bibi na watoto wako ndani. Alikuwa hatambui wengi tena. Nikasikia anamwambia nesi, sauti imekwisha, "Mwambie lile jiwe liingie."

Nesi akasema mgonjwa anaweweseka. Everlyne akageuka kuangalia mlango.

Mimi niliingia. Nikashika mkono wake kwa mara ya kwanza.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Sikudharau mila zetu na bado sizidharau. Lakini yule mama aliijua heshima kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa, na yeye alikuwa ananipenda. Haya, wenye wakwe njooni. Wewe ungembeba, au ungengoja wanaume waje? Na tafadhali msinitukane sana, mgongo bado unauma nikibeba gunia.