Mwatum na Maji ya Kisima cha Nyumbani

Mwatum alikuwa mwembamba, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu aliyekulia kwenye makumbi. Kwao Kiwengwa, msichana huanza kutwanga makumbi ya nazi kabla hajajua kujifunga kanga. Alipoolewa na Muhiddin akaletwa Ng'ambo, mjini Unguja, nyumba yake na yangu ukuta mmoja, akishika mchi sisi wengine tulimsikia mpaka kwenye meno. Maneno hakuwa nayo. Ukimtania hucheka kwa pua, kisha anaendelea kushona kofia.

Nyuma ya nyumba zetu pana kisima. Kilichimbwa na marehemu babake Bi Mwatima, mama mkwe wa Mwatum, na Bi Mwatima akikisifu kama anayemsifu mwanawe wa kiume.

Lakini maji ya Miraji, mtoto wa Mwatum, yalitoka kwa Mkadam, Mwarabu muuza kahawa wa mtaani. Kila alasiri Mkadam alipiga hodi na birika lake linalotokota. "Maji ya bwana mdogo haya," akisema. "Mdudu gani atakayevuka moto wangu?" Hakutaka chochote. Akisha kumimina anaondoka, akigonganisha vikombe vyake.

Asubuhi moja ya Januari, mwaka wa sitini na nne, siku za mapinduzi, tulijifungia ndani kwa Mwatum, yeye na Miraji wa miezi mitatu, mimi na mimba yangu. Muhiddin alikuwa Mombasa, kuli bandarini. Bi Mwatima alikuwa kwa nduguze Makunduchi. Tukasikia watu wanaruka ukuta. Tukachungulia. Mbele alikuwa Mkadam, kiatu mguu mmoja, akilia, "Jamani, mie Mkadam! Jamani, mnanijua!"

Walimjua. Aliyemfikia kwanza ni Jaku, kijana wa nyumba ya pili, ambaye kahawa yake ya kila siku ilikuwa kwa Mkadam huyo huyo. Panga la kwanza lilimpata begani. La pili sikulitazama, nililisikia. Kisha nikasikia mlio wa kitu kizito kinatumbukia kisimani.

Mwatum alikuwa amemziba mtoto mdomo kwa titi. Alipomwachia, shavu la Miraji lilikuwa na alama za vidole vya mama yake. Kuanzia siku ile maziwa yakakatika, ikabidi mtoto anyweshwe maziwa ya kopo.

Baada ya siku chache walikuja watu na kamba, wakamtoa Mkadam kisimani, wakaenda naye. Hakuna aliyeuliza. Jaku akapewa bunduki alinde mtaa. Tulipokwenda kuteka maji bombani alitusimamisha.

"Mbona mnajitaabisha? Si mna kisima uani?"

"Kaingia paka," Mwatum akamjibu, macho chini.

Jaku akaiweka bunduki begani. "Paka. Haya. Basi iwe paka."

Tukaelewa: jambo lile tusilitaje popote.

Bi Mwatima alirudi masika yalipokwisha. Alipoambiwa habari ya paka alicheka.

"Paka mmoja ndiyo akukimbize kisimani? Maji mengi hayanajisiki, mwanangu, mpaka yageuke rangi au harufu. Chuoni hamkusoma?" Akateka, akanywa mbele yetu, akajifuta mdomo. "Matamu yale yale. Na huyu Mkadam yuko wapi siku hizi? Nna hamu na kahawa yake."

"Hatumwoni," nikasema.

Mwezi wa sita Muhiddin alimletea mkewe nauli ya meli, amfuate Mombasa. Mwatum akaenda kliniki kuuliza habari za safari na mtoto. Mkunga akamwambia: chemsha maji mpaka yatokote sana, yapoe yakiwa yamefunikwa, na chupa nayo ichemshwe. Alfajiri ya safari alifanya hivyo hivyo, kwa maji ya bomba. Nilikuwa pale na mwanangu mchanga mgongoni.

Bi Mwatima akaingia, akaichukua chupa kubwa ya maji hayo ya safari, akaimwaga yote mlangoni. Akenda kisimani, akarudi nayo imejaa.

"Mtoto akienda nchi ya watu, maji ya kwanza yawe ya kwao, tumbo lisimgeuke. Babake nilimpa haya haya."

"Mama, hayafai."

"Hayafai! Mie nnayanywa kila siku, nshakufa?"

Mwatum akaishika chupa. Bi Mwatima akamzaba kofi. Hakuiachia. Kofi la pili likamtoa damu puani, naye bado kakamata, wanavutana, kanga zinaanguka, mtoto analia chini. Nilijitia kati nikapata kiwiko cha kifua. Hapo mlango ukajaa mtu.

"Kuna nini, Bi Mwatima? Nnasikia vishindo." Jaku, kaja kubeba sanduku.

Mwatum akaiachia chupa pale pale.

Bandarini Jaku alitupasulia njia kwa kitako cha bunduki. Tulipofika ngazini, Bi Mwatima akazibua chupa. "Mpe mwanao, mwari. Avuke na maji ya kwao tumboni."

Mwatum akaipokea, mtoto kwenye mkono wa pili. Nilimwona anamtazama mtoto, anaitazama chupa. Kisha akageuka.

"Kaka Jaku, weye ndiye mlinzi wetu. Onja kwanza, umwombee mwanangu."

"Sina kiu."

"Kunywa, mwanangu," Bi Mwatima akafurahi. "Ni ya kisima cha babangu."

"Nimesema sina kiu!"

"Tone tu," Mwatum akasema, na mkono ule wa makumbi ukamfikishia chupa mdomoni. Maji yakamchuruzika kidevuni.

Jaku alimpiga kitako cha bunduki usoni. Chupa ikapasuka. Mwatum akaanguka magotini juu ya vigae vya chupa, Miraji kamnyanyua juu kwa mikono miwili asiguse kitu, meno mawili yaliyomtoka yamo kwenye damu mbele yake. Lakini watu hawakumtazama yeye. Walimtazama Jaku: anatema, anajifuta mdomo kwa mkono wa shati, anajisugua, anatema tena, mpaka mdomo wake mwenyewe ukachubuka.

Bi Mwatima naye alimtazama. Akayatazama maji yanayoingia baina ya mawe. Taratibu akaweka kiganja tumboni mwake.

"Mkadam," akasema, kwa sauti ndogo.

Akamchukua Miraji, akachomoa chupa ya kunyonyea katika furushi, akaenda kwa muuza kahawa aliyekuwa kachutama penye ukuta. "Si kahawa, babu. Maji matupu, na yatokote mbele yangu." Akaisuuza chupa kwa maji ya moto mara tatu, mkono unaungua, ndipo akaijaza. Akarudi, akamfuta Mwatum damu kwa ncha ya kanga.

"Mchemshie kila siku," akamwambia. "Ya Mombasa na ya popote. Asikudanganye mtu, hata mie."

Mwatum alipanda meli mdomo umevimba. Miraji sasa anasoma huko, na hajapata kuharisha safarini wala baadaye.

Sisi tulirudi Ng'ambo, Jaku hatua chache nyuma yetu. Bi Mwatima alipitiliza mpaka uani, akachukua panga la kuvunjia nazi, akaikata kamba ya ndoo kwa pigo moja. Ndoo ikaenda chini. Nikasikia mlio ule ule wa asubuhi ile ya Januari.