Miguu ya Mtoto Asiyejulikana

Kosa alilotendewa Bi Obdulia Zarazúa ni kwamba aliibiwa muujiza wake, kisha akatangazwa kuwa hajulikani.

Muujiza wenyewe ulichorwa juu ya kipande cha bati kisichozidi ukubwa wa sinia. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alitumbukia kisimani kichwa chini, akatolewa mzima, na mama yake, kama ilivyo desturi ya watu wa kijiji chao cha San Ciro del Mezquite, akamwita mchoraji wa picha za shukrani. Katika picha hiyo kilionekana kisima, miguu miwili ikielekea juu, na Bikira wa Kandelaria akitazama kutoka wingu lake. Chini yaliandikwa maneno ya shukrani, jina la mtoto na tarehe. Mama aliitundika kanisani, akamwahidi Bikira kwamba haitabanduka ukutani maadamu Obdulia yu hai.

Mwaka 1994 wezi waliuzoa ukuta mzima. Padri alisikitika, polisi wakaandika, mambo yakaishia hapo. Bi Obdulia hakupiga kelele. Tangu siku hiyo alipita mbali na visima tu, kwa kuwa ahadi ilikuwa imevunjwa na hakuna aliyejua Bikira amelichukuliaje jambo hilo.

Miaka kumi na mitatu baadaye, akinunua utumbo buchani kwa Bwana Evodio, alijiona katika kalenda iliyotundikwa juu ya mizani. Maneno ya shukrani yalikuwa yamekatwa ili siku za mwezi zipate nafasi. Badala yake paliandikwa: "Mtoto asiyejulikana. Mkusanyo wa Wakili Arizmendi."

"Huyu ni mimi," alisema.

Bwana Evodio aliitazama kalenda, akamtazama yeye, akairudia kalenda. "Bi Obdulia, hapa pana miguu tu."

"Ni yangu."

"Sasa mimi miguu yako nitaijulia wapi? Na mke wangu yuko hapo nyuma, anasikia."

Alipanda basi hadi mji wa León, alikoishi wakili huyo. Wakili Arizmendi alimkaribisha kahawa, akamweleza kwamba picha aliinunua kihalali, tena aliiokoa isiliwe na kutu.

"Mimi nilishaokolewa, bwana wakili. Ndicho kilichochorwa hapo."

"Mama yangu, vitu hivi ni urithi wa taifa zima."

"Na taifa linakaa sebuleni kwako?"

Kahawa aliimaliza, kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Baldomero, mchoraji wa picha za shukrani.

"Nichoree bati. Bikira amenirudishia picha yangu."

"Imerudi lini?"

"Bado."

Mzee Baldomero akaweka brashi chini. "Bi mkubwa, watu hushukuru wakishapewa. Ukitangulia hivi, unambana Bikira."

"Simbani, namkumbusha. Pa tarehe paache wazi."

Padri aliulizwa. Hakuweza kuamua kama huo ulikuwa upungufu wa imani au imani iliyopita kiasi, kwa hiyo aliruhusu. Sikukuu ya Kandelaria ilipofika bati jipya likatundikwa: Wakili Arizmendi, ndani ya suti ya kijivu, amepiga magoti mbele ya altare, picha ya kisima ameiinua juu ya kichwa. Chini yake jina lake kamili, na mtaa ilipo ofisi yake.

Bwana Evodio, ambaye alikuwa hajasemeshwa na Bi Obdulia tangu siku ya utumbo, aliichapa picha hiyo katika kalenda yake ya mwaka uliofuata, ukurasa wa Januari, bila kukata neno. Kalenda za bucha hutolewa bure, nazo hufika jikoni ambako magazeti hayafiki. Moja ilifika León, jikoni kwa mama mzazi wa wakili, mwanamke asiyekosa misa.

Mpishi wake ndiye aliyesimulia. Bibi huyo alimwita mwanawe, akamwonyesha ukurasa.

"Kanisani hujaenda bado?"

"Bado, mama. Hayo ni mambo ya—"

"Mbona hapa umeshafika?"

Tarehe 2 Februari 2009 Mzee Baldomero alijaza kwa rangi nyeusi nafasi aliyoiacha wazi. Picha zote mbili zimo ukutani, nyuma ya wavu wa chuma. Zile nyingine zilizoibiwa pamoja na ile ya kisima bado ziko kwa wanaoziokoa.