Pilipili ya Mama Sixte

Marta, au Mama Sixte kama tunavyomwita hapa Katumba, ni jirani yangu na ni mkaidi kuliko mbuzi wake. Miaka yote ametengeneza pilipili ya mafuta: pilipili kichaa zilizosagwa, zikakaangwa taratibu kwenye mawese na kitunguu saumu, kisha zikajazwa kwenye vichupa. Akikaanga, mtaa mzima tunapiga chafya, lakini hakuna anayelalamika.

Moshi wa kukaanga huko ndio uliomharibia kifua. Daktari alimwambia aachane nao kabisa. Mwanawe Sixte yuko Dar na hana mpango wa kurudi, basi Marta akaamua kuuza biashara nzima: sufuria, mashine ya kusagia, jina na wateja wake.

Wanunuzi walikuja, akawakataa mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitaka kuongeza rangi, akatolewa mbio.

"Mama Sixte, unauza biashara au unaozesha binti?" nilimuuliza. Akaishia kukohoa.

Ndipo akaja Kabula, mama wa Kisukuma kutoka Kasansa mwenye meza ya vyakula sokoni Mpanda. Marta akamwandalia ugali na maharage, akadondoshea pilipili, halafu akamega tonge la kwanza akala mwenyewe. Ndivyo wazee wake walivyomfundisha walipotoka Burundi: mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone chakula ni salama. Hata wateja aliwafanyia hivyo hivyo, kila mmoja, kabla hajamkabidhi kichupa.

"Haya mwanangu, sasa na wewe."

Kabula akaitazama sahani. "Unisamehe mama. Mimi pilipili huwa sili. Kwetu tumekulia maziwa."

Nilijua mambo yameharibika.

"Sasa utamwonjea vipi mteja kitu unachokiogopa?" Marta akauliza. "Sufuria hata dukani zipo. Mimi ninachouza ni huku kuonja."

Kabula, maskini, akamega tonge akalichovya kwenye pilipili kama anachovya mchuzi. Mungu wangu! Macho yalimwiva, kwikwi ikampanda, akakimbilia mtungi wa maji, na maji yakazidisha moto. Marta alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

"Nitajifunza, mama," Kabula akasema alipopata sauti. "Kila mteja nitamwonjea kwanza. Naapa."

Marta akamuuzia. Mimi sikukiamini kile kiapo, na nadhani hata yeye hakukiamini, kwa sababu sufuria ilipoondoka alikaa kwenye jiko lake tupu akalia. Nikakaa naye, nikalia pia.

Baada ya hapo akagoma kwenda mjini. "Nikimkuta anaiuza kama sabuni, nitakufa pale pale," alisema. Ilibidi nimdanganye kwamba nahitaji mtu wa kunisaidia kuchagua kitenge. Tulipofika sokoni, nikampitisha karibu na meza ya Kabula.

Watu walikuwa wamejaa. Dereva mmoja wa bodaboda aliomba kichupa. Kabula akadondoshea tone kwenye kipande cha muhogo, akakitia kinywani, akatafuna. Machozi yakamiminika. Akanyakua kikombe cha maziwa ya mgando kilichokuwa pembeni, akagugumia, akajifuta kwa khanga.

"Ni salama," akamwambia. "Karibu."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Nadhani wengine huja kumtazama tu.

Ndipo akamwona Marta. Akasimama, kikombe bado mkononi.

"Nipe na mimi," Marta akasema.

Kabula akaonja upya, akalia upya, kisha akampa kipande chake kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Muda wote niliomfahamu, Marta ndiye aliyekuwa mwenyeji wa pilipili ile. Sikuwahi kumwona mtu akimwonjea yeye.

Akatafuna polepole, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Imekolea," akasema.

Kabula akamsogezea haraka kile kikombe cha maziwa. Ila mimi namjua jirani yangu: pilipili haijawahi kumliza.