Mjomba Aliyehamia Kitochi

Mwenzenu nilinunua kitochi, kile kisimu cha vitufe, kwa majivuno, si kwa umaskini. Naomba hilo lieleweke mapema. Simu ya kupangusa nilikuwa nayo, na ilinitawala. Nilikuwa nakaa juu ya tuta langu huku Mgeta natazama video ya namna bora ya kupalilia karoti, mpaka magugu yakazipita karoti zenyewe kwa urefu. Mke wangu ananiita mara tatu ndipo naitika "eeh" bila kuinua kichwa.

Basi nikashuka Mlali, nikamuuzia ile simu Mansuri, dalali wa mboga. Laini yangu nikaichomoa, nikaitia kwenye kitochi kipya. Kufuta vilivyomo kwenye simu sikujua, na kuuliza niliona haya. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, aulize? Thubutu!

Jamani, nikageuka mhubiri. Kila niliyekutana naye njiani na tenga lake la kabichi nilimsimamisha. "Hiki hakikusumbui," namwonyesha. "Kinapiga, kinapokea, basi! Akili imetulia." Watu wakitikisa kichwa nikadhani wananistaajabia. Sasa najua walikuwa wanatafuta pa kupita.

Nikaishi hivyo wiki nane. Amani tupu! Hakuna aliyenipigia, na mimi kwa ujinga wangu nikaona hiyo ni faida.

Jumamosi moja nipo shambani, namwona Kristina, binti wa dada yangu Eufrazia, anapanda kilima na viatu vyake vya mjini, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kuna msiba?"

"Bado," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mjomba, kwa nini umemkataa mchumba wangu?"

Nikaliweka jembe chini. Nimemkataa nani? Lini?

Akanieleza. Barua ya posa ilipofika, mama yake aliipiga picha akaiweka kwenye grupu la ukoo la wasapu, akaandika chini: "Kaka, tunakusubiri wewe." Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kucheka na wakwe mpaka jioni, lakini mjomba asipotamka, hakuna ndoa. Na mjomba akinyamaza, ujue kakataa, wala habembelezwi kwa simu. Sasa kwenye grupu tiki mbili zikageuka buluu. Mjomba kasoma! Siku ya kwanza kimya, wiki ya kwanza kimya, mwezi ukaisha. Dada akawaambia wenzake, "Kimya kingi kina mshindo, tusimchokoze." Upande wa mwanamume nao walikuwa wamechoka. Walisema wanasubiri mpaka kesho, Jumapili, baada ya hapo wanaichukua barua yao.

Lo, Mansuri! Kumbe wasapu yangu ilibaki kwenye ile simu, na yule bwana alikuwa anausoma ukoo wangu mzima, posa na ugomvi, bila hata kukohoa.

"Mwanangu, kosa ni la simu," nikajitetea. "Ile niliiuza. Hiki hakina wasapu."

Kristina akakitazama kitochi kwenye mfuko wa shati langu. "Lakini hicho kinapiga, mjomba."

Wiki nane nilikuwa sijampigia dada yangu hata kumjulia hali. Aibu ilinishika, aibu ya kweli, ile ya kutamani ardhi ipasuke ikumeze pamoja na karoti zako. Tena hata namba yake sikuwa nayo, maana majina yote yalibaki kwenye ile simu ya Mansuri. Ikabidi mtoto anitajie namba moja moja, nami nabonyeza kwa kidole chenye udongo.

"Eufrazia, ni mimi kaka yako," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka. "Sikumkataa mtu. Ni upuuzi wangu tu, nitakueleza. Nimekubali! Waambie wakwe nimekubali, na kesho baada ya ibada ya kwanza nashuka kuja kutamka mwenyewe."

Nikamsikia dada akishusha pumzi. Nilitegemea vigelegele. Badala yake akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko tusi:

"Umemkubali nani, kaka?"

Nikamgeukia Kristina. Akajifuta machozi kwa kiganja, akasogea karibu na sikio langu.

"Jonathan, mjomba," akaninong'oneza. "Anaitwa Jonathan."