Anachoma Nyama, Hana wa Kula Naye

Leshan alipewa jina la Kwavi siku ya kwanza tu kazini, hata aproni hajafunga. Mjomba wangu Cleopa, mwenye baa pale Mikumi, aliangalia shuka, akaangalia sime, akasema, "Wewe Kwavi, shika moto." Wanywaji wakacheka. Kesho yake fundi rangi akaandika ukutani: KWA KWAVI NYAMA CHOMA. Imeisha hiyo. Jina likishapigwa rangi ya mafuta, utalitoa na nini?

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mwenye ukuta anafungua baa, malori ya Zambia yanalala Mikumi. Leshan alikuwa Mparakuyo, ndugu wa Wamaasai, kutoka upande wa Kimamba. Ng'ombe wa baba yake walikufa, akaja kutafuta maisha. Na Kwavi, kwao, si utani. Ni kumwambia mtu hana ng'ombe, hana kwao. Mjomba hakujua hilo. Au alijua nusu, akaona linauza.

Kitu kingine hakujua: morani hali nyama peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika. Sasa Mikumi nzima hakuna. Mwanaume anachoma mbuzi kutwa, mate yamemjaa, jioni anakula ugali na maharage ya mama yangu, Magreti, mpishi wa pale.

"Kwavi anaringa," mjomba akasema. "Nyama ya bure haitaki."

"Haringi, kaka," mama akajibu. "Anasubiri mtu."

Mtu akaja. Lemayan, wa rika lake, alishuka kwenye lori la ng'ombe lililotokea Dumila. Mama anasema hajawahi kumwona Leshan akikimbia vile. Akakata mbavu, akawa anampeleka mgeni nyuma ya baa, mbali na macho ya wanawake, maana nyama anayokula morani mwanamke haioni. Lemayan shule alisoma kidogo. Akasimama, akausoma ukuta.

"Hilo jina lako?"

"La hapa tu."

"Wakikuita, unaitika?"

Kabla hajajibu, mjomba akapaza sauti kutoka kaunta: "Kwavi, mgeni anakunywa nini?"

"Naam, bosi."

Mazoea. Lemayan akarudisha fimbo begani. "Basi kula na hao unaowaitikia." Akapanda lori.

Leshan akachukua mkaa, akalisugua lile jina mpaka likawa doa.

"Bosi, mimi naitwa Leshan."

Mjomba akaziona mbavu zimepoa, hazijaguswa, utani ukamwishia. Akavuta kiti. "Haya, Leshan. Tule mimi na wewe."

"Wewe si wa rika langu, bosi."

Mbavu zikaliwa na wateja. Mpaka alipoondoka Mikumi, lori la ng'ombe likisimama tu, Leshan alikuwa anafuta mikono, anatoka nje kuangalia.

Juzi binamu karusha mtandaoni picha ya ule ukuta kabla ya mkaa, mkajaza komenti: "Kwavi ndo nani hahaha." Ndo huyo.

Nawe kama ulishabandikwa jina ukaliitikia huku moyo umegoma, tuandikie hapo chini. Anza na lile alilokupa mama yako.